Daktari wa Mifugo Anajibu: Mbwa Hakingwi kwa Sindano Moja

Tangu mvua za masika zianze, barua nyingi zinazofika kwenye ukurasa huu zinahusu mbwa. Wapo wasomaji waliopoteza watoto wa mbwa juma moja tu baada ya kuwanunua, wapo walioumwa na mbwa wa jirani, na wapo wanaouliza kama kweli kuna haja ya kumchanja mbwa wa kienyeji anayelala nje na kula makombo. Nimechagua barua ambazo majibu yake yatawafaa wengi, na nimezifupisha bila kubadili maana. Karibu zote zimebeba dhana moja ambayo ningependa iondoke katika nyumba zetu, nayo ni kwamba mbwa aliyechanjwa ni yule aliyewahi kuchomwa sindano siku moja maishani mwake.

Swali: Shikamoo Daktari. Mwezi uliopita tulinunua mtoto wa mbwa kwa kijana anayewauza kando ya barabara. Alituambia mtoto ana miezi miwili na ameshachanjwa, akatuonyesha kadi yenye tarehe moja. Siku ya tano aliacha kula, akatapika, kisha akaharisha damu yenye harufu kali sana, na usiku uliofuata akafa. Watoto wangu wamelia mno na sasa wanaomba mwingine. Je, chanjo aliyopewa ilikuwa bandia? Na tunaweza kuleta mbwa mwingine sasa hivi? (Mama wa watoto watatu, Tabata)

Jibu: Marahaba, mama. Poleni sana, wewe na watoto. Kuharisha damu yenye harufu kali, kutapika na kukataa chakula kwa mtoto wa mbwa wa umri huo ni dalili zinazofanana mno na za ugonjwa wa parvo, ingawa kipimo cha kinyesi ndicho ambacho kingethibitisha. Parvo husababishwa na kirusi kilichotambuliwa kwa mbwa mwaka 1978 na kuenea duniani kote katika muda mfupi. Kirusi hicho hushambulia chembe hai zinazogawanyika haraka, yaani utando wa ndani wa utumbo na uboho unaotengeneza chembe nyeupe za damu. Kwa hiyo mbwa hupoteza maji na damu wakati uleule ambao mwili wake hauna tena uwezo wa kuwazuia bakteria wa utumboni wasiingie kwenye mzunguko wa damu. Tangu kirusi kiingie mwilini hadi dalili zionekane, kwa kawaida hupita siku 3 hadi 7, na wakati mwingine hata 14. Mbwa wenu aliugua siku ya tano, na kwa hesabu hiyo kuna uwezekano mkubwa kwamba alifika nyumbani kwenu akiwa tayari ameambukizwa, pengine ndani ya boksi alimochanganywa na watoto wa mbwa waliotoka kwa mama mbalimbali.

Kuhusu chanjo, si lazima iwe ilikuwa bandia. Mtoto wa mbwa hupata kingamwili za mama yake hasa kupitia dang'a, yale maziwa ya mwanzo anayonyonya siku anayozaliwa. Kingamwili hizo humlinda kwa majuma kadhaa, lakini pia huikamata chanjo na kuizima kabla haijaufundisha mwili wa mtoto kutengeneza kinga yake mwenyewe. Hupungua taratibu, na kasi ya kupungua hutofautiana hata kati ya ndugu wa uzao mmoja: huyu anaweza kuwa tayari kuipokea chanjo akiwa na majuma 8, mwenzake majuma 12, na mwingine asiwe tayari hadi majuma 16. Tena kuna kipindi cha hatari katikati, ambapo kingamwili za mama zimepungua kiasi cha kutoweza kuzuia ugonjwa, ilhali bado zinatosha kuizuia chanjo. Katika siku hizo mtoto hana ulinzi hata kama amechomwa chanjo halali, iliyotunzwa vizuri, na mtu anayejua kazi yake. Kwa kuwa hakuna awezaye kumtazama mtoto wa mbwa na kujua yuko wapi katika safari hiyo, njia iliyobaki ni kurudia dozi hadi tuwe na hakika kwamba angalau moja imemkuta akiwa tayari.

Ndiyo sababu chanjo ya kwanza hutolewa akiwa na majuma 6 hadi 8, ikarudiwa kila baada ya majuma 3 au 4 mpaka afikishe majuma 16 au azidi kidogo, na kisha dozi nyingine anapokaribia mwaka mmoja. Sindano hiyo huwa na chanjo kadhaa kwa pamoja: parvo, distempa (ugonjwa wa virusi unaoshambulia mapafu, utumbo na ubongo), homa ya ini ya virusi, na mara nyingi mafua ya mbwa na leptospira (bakteria wa homa ya panya). Kati ya dozi zote, ile ya majuma 16 ndiyo ninayoiona kuwa ya lazima kuliko zote, na kwa bahati mbaya ndiyo ambayo wafugaji wengi huiacha kwa sababu kufikia wakati huo mbwa amenenepa, anacheza, na anaonekana hana neno. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa peke yake au pamoja na nyingine akiwa na miezi 3, hurudiwa baada ya mwaka, kisha hufuata muda ulioandikwa na mtengenezaji. Zipo zinazodumu miaka 3, lakini katika jiji hili la Dar es Salaam mimi hushauri ichomwe kila mwaka, kwa sababu kadi hupotea, watu huhama nyumba, na tarehe ya miaka 3 husahaulika.

Sasa kuhusu kuleta mbwa mwingine, naomba msiharakishe. Kirusi cha parvo ni kigumu kufa: hukaa kwenye sakafu, kwenye udongo wa uani na kwenye nyayo za viatu kwa miezi mingi, hata mwaka, na sabuni ya kawaida haikiui. Ondoeni kwanza uchafu wote kwa maji na sabuni, kwa sababu kinyesi hupunguza nguvu ya dawa, halafu pigeni deki kwa dawa ya klorini ya kupaushia nguo, sehemu moja ya dawa kwa sehemu 30 za maji, na muiache ikae dakika 10 kabla ya kusuuza. Matandiko ya marehemu na bakuli lake la plastiki vichomeni au vitupeni. Udongo hautakasiki kwa dawa. Kinachousaidia ni jua na muda. Kama watoto hawawezi kungoja, basi chukueni mbwa aliyekwisha kuvuka majuma 16 na kukamilisha dozi zote, na mkague kadi yake: kila dozi iwe na kibandiko kilichobanduliwa kwenye chupa chenye namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi, pamoja na jina, sahihi na muhuri wa daktari. Kadi yenye tarehe iliyoandikwa kwa kalamu tu haithibitishi chochote.

Na iwapo dalili kama zile zitatokea tena, msisubiri asubuhi. Mtoto wa mbwa mwenye parvo anayewekewa dripu mapema na kuhudumiwa vizuri ana nafasi nzuri ya kupona, ilhali anayeachwa bila matibabu mara nyingi hufa ndani ya siku mbili au tatu.

Swali: Assalaam aleikum Daktari. Mimi ni mzee, ninafuga mbwa wawili wa ulinzi. Vijana wa hapa wananiambia kwamba mbwa akichanjwa hupoa, hawezi tena kumfukuza mwizi. Kuna ukweli? (Msomaji wa Kigamboni)

Jibu: Waaleikum salaam, mzee wangu. Hakuna ukweli. Chanjo haigusi tabia ya mbwa. Huushughulikia mfumo wa kinga tu. Kinachoonekana ni kwamba kwa siku moja au mbili baada ya sindano mbwa anaweza kuwa na homa ndogo, akalala zaidi, akapunguza kula, na sehemu aliyochomwa ikavimba kidogo. Hali hiyo hupita yenyewe. Mbwa mkali mwenye kinga ndiye unayemhitaji getini, kwa maana mbwa wa ulinzi ndiye anayekutana kwanza na mbwa mgeni mwenye kichaa anayepita usiku.

Swali: Daktari, habari za kazi. Mwanangu wa miaka 7 ameumwa mkononi na mbwa wa jirani juzi jioni akitoka shule. Jirani ni mtu mwema, alileta kadi kuonyesha kwamba mbwa wake amechanjwa kichaa, akatupa na fedha ya dawa. Bibi yake alimwekea mtoto mafuta ya taa na pilipili kwenye kidonda. Je, kwa kuwa mbwa ana kadi, tunaweza kuliacha hilo? (Baba wa mtoto, Mbagala)

Jibu: Ndugu yangu, hapana, msiliache. Ukisoma barua hii gazetini, naomba uwe umekwisha kufika hospitali, na kama bado, nenda leo hii. Nimekwisha kukujibu kwa njia ya simu ya ofisi, lakini nalichapisha jibu kwa ajili ya wengine ambao yatawafika hayohayo.

Kichaa cha mbwa ni ugonjwa ambao, dalili zikishaanza kwa binadamu, hauna tiba na karibu kila mara huua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao wakiwa Asia na Afrika, na kwamba katika visa 100 vya binadamu, 99 hutokana na mbwa. Kati ya wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo, takriban 40 katika kila 100 ni watoto wa chini ya miaka 15. Watoto huumwa zaidi kwa sababu huwachokoza mbwa bila kujua, hawana nguvu ya kujitetea, na kwa kimo chao meno huwafikia usoni na mikononi. Sehemu hizo zina mishipa mingi ya fahamu, na kirusi husafiri kupitia mishipa hiyo kuelekea kwenye ubongo. Kidonda cha uso au mkono kwa hiyo kinatupa muda mfupi zaidi kuliko cha mguuni.

Muda huo ndio neema tuliyo nayo. Kwa kawaida dalili huchukua miezi 2 au 3 kujitokeza, mara chache juma moja, na mara chache mwaka, na chanjo ikitolewa kabla kirusi hakijafika kwenye ubongo, maisha ya mtoto huokolewa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa tarehe 6 Julai 1885, mwanasayansi Mfaransa Louis Pasteur alipoanza kumpa chanjo Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 aliyeraruliwa na mbwa mwenye kichaa, na mtoto huyo akaishi hadi utu uzima.

Hatua ya kwanza kabisa, hata kabla ya kutafuta usafiri, ni kukiosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili. Bomba likiwa kavu, mtu mmoja amimine kwa kata au jagi huku mwingine akiosha. Sabuni hukiua kirusi, kwa sababu ganda lake la nje ni la mafuta. Mafuta ya taa, pilipili, majivu na jiwe la nyoka havikiui; huchubua nyama na kukipa njia zaidi. Namheshimu bibi, na najua alifanya kwa upendo, lakini mweleweshe kwa upole ili siku nyingine akimbilie sabuni. Hospitali watapima aina ya kidonda, watampa chanjo siku hiyohiyo, na kama kidonda kimetoboa ngozi wanaweza kuongeza dawa ya kingamwili inayochomwa kuzunguka kidonda, pamoja na chanjo ya pepopunda. Tarehe za kurudi zikitolewa zifuateni zote, hata kama mtoto anaonekana mzima kabisa.

Kadi ya jirani inasaidia, na ninamsifu kwa kutoficha. Lakini kadi ni taarifa ya kumpa daktari wa binadamu, ambaye ndiye mwenye uamuzi. Mbwa huenda alichanjwa juma lililopita tu, wakati kinga huhitaji majuma 2 hadi 4 kujengeka. Au alichanjwa miaka mitano iliyopita. Au alichanjwa kwa dawa iliyoharibika. Jambo la kufanya kuhusu mbwa mwenyewe ni kumfungia na kumwangalia kwa siku 10, akila na kunywa, bila kumwua. Mbwa huanza kutoa kirusi kwenye mate siku chache tu kabla ya kuugua. Kwa hiyo akivuka siku 10 akiwa mzima, hakuwa akiambukiza siku ile aliyouma, na daktari anaweza kuamua kusitisha dozi zilizobaki. Akiugua au akifa katika siku hizo, msimzike. Mwiteni ofisa mifugo wa kata ili sampuli ya ubongo ipelekwe kupimwa katika Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania, ambayo makao yake yako hapahapa Temeke.

Niongeze jambo moja ambalo limewaponza wengi. Si kila mbwa mwenye kichaa hukimbia ovyo akiuma kila kitu. Wengine hunyamaza, hujificha kwenye kona yenye giza, sauti hubadilika, taya la chini hulegea, mate hutiririka na hushindwa kumeza. Mwenye mbwa hudhani mfupa umemkwama kooni, akaingiza mkono kinywani kuutafuta. Mbwa wa namna hiyo asiguswe na mtu yeyote kabla mtaalamu hajafika.

Swali: Daktari, mimi ni kijana ninayefuga na kuuza mbwa. Gharama ya daktari kuja nyumbani ni kubwa, kwa hiyo huwa nanunua chanjo dukani na kuwachoma mwenyewe. Nimejifunza kuchoma na sijapata tatizo. Kuna ubaya gani? (Mfugaji, Tegeta)

Jibu: Kijana wangu, naelewa gharama, na sitakulaumu kwa kutaka kupunguza matumizi. Ila kuchoma sindano chini ya ngozi ni sehemu iliyo rahisi kuliko zote katika kazi hii. Ugumu uko kabla na baada ya hapo.

Chanjo hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 tangu inapotoka kiwandani hadi inapoingia kwenye bomba la sindano. Umeme ukikatika saa sita mchana mwezi Februari, na friji la dukani lisipokuwa na jenereta, virusi hai vilivyodhoofishwa vya parvo na distempa huanza kufa, na chupa haitabadilika rangi wala harufu ili ikujulishe. Kwa upande mwingine, chanjo ya kichaa, ambayo ni ya virusi vilivyokwisha kuuawa, huharibika ikigandishwa. Yule anayeitia kwenye sehemu ya barafu akidhani anaitunza zaidi anaiharibu. Ni kweli kwamba watafiti waliofanya kazi hapa Tanzania walionyesha kuwa chanjo mojawapo ya kichaa hubaki na nguvu hata ikikaa miezi kadhaa nje ya friji, na matokeo hayo yamesaidia sana vijiji visivyo na umeme. Lakini hayo yalipimwa kwa chanjo hiyo mahususi, wala hayawezi kuhamishiwa kwenye chupa yoyote uliyoinunua Kariakoo na kuibeba mfukoni kwenye daladala hadi Tegeta.

Kisha kuna uchunguzi. Kabla ya kuchanja, daktari humpima mbwa joto, hutazama ufizi, husikiliza moyo na mapafu, na huuliza kuhusu minyoo. Mbwa mwenye homa au aliyedhoofishwa na minyoo hasa ni wa kutibiwa kwanza, na watoto wa mbwa wanapaswa kuanza dawa ya minyoo tangu wana majuma 2, na kurudiwa kila juma la pili hadi waache kunyonya. Baada ya sindano, mbwa wachache hupata mzio: uso huvimba, hutapika, au huzirai ndani ya dakika chache hadi saa chache. Hutokea mara chache sana, lakini inapotokea anatakiwa awepo mtu mwenye dawa na anayejua kuitumia.

Na lipo la wateja wako. Kadi uliyoijaza mwenyewe si cheti. Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 imeliweka suala la kutoa huduma hizi mikononi mwa wataalamu waliosajiliwa na Baraza la Veterinari Tanzania. Njia ya kupunguza gharama ni kukusanya watoto wa mbwa wa uzao mzima, na ikiwezekana wa wafugaji wenzako wawili watatu wa jirani, daktari aje mara moja na gharama ya safari mkagawana. Hapo mtalipa kidogo zaidi, nanyi mtakuwa na kadi ambayo mteja akiipeleka kliniki yoyote jijini itaheshimiwa.

Swali: Shikamoo Daktari. Nyumbani kwetu maji huingia kila masika, na panya ni wengi. Mbwa wetu hunywa maji yaliyotuama. Nimesikia kuna homa ya panya inayoua mbwa na watu. Je, ina chanjo? (Mwanafunzi, Kigogo)

Jibu: Marahaba, mwanangu, na umeuliza jambo zito. Ugonjwa huo ni leptospirosisi, ambao Watanzania wengi waliufahamu kwa jina la homa ya mgunda baada ya mlipuko wa Julai 2022 mkoani Lindi. Bakteria wake huishi kwenye figo za panya na hutoka na mkojo. Katika maji yaliyotuama na udongo wenye unyevu wanaweza kuishi kwa majuma, na huingia mwilini kupitia mchubuko, macho, pua au kinywa. Bonde la Msimbazi linapofurika, maji hukusanya mkojo wa panya kutoka kwenye mifereji, madampo na vichaka na kuufikisha mlangoni kwa watu. Mbwa aliyeambukizwa hupata homa, hutapika, misuli humuuma, macho na ufizi huweza kuwa manjano, na figo zikishindwa hufa. Aliyepona anaweza kuendelea kutoa bakteria kwenye mkojo wake kwa muda mrefu, na hapo ndipo watu wa nyumbani wanapoingia hatarini.

Chanjo ipo, na mara nyingi huwa ndani ya ile sindano ya magonjwa kadhaa niliyoitaja mwanzo, ila uiulizie kwa jina, kwa sababu si kila chupa inayo. Ina tabia zake mbili. Kwanza, dozi moja haitoshi kwa mbwa ambaye hajawahi kuchanjwa, hata akiwa mtu mzima. Huhitaji mbili zinazotenganishwa kwa majuma 2 hadi 4. Pili, kinga yake hudumu takriban mwaka mmoja, pungufu ya ile ya parvo na distempa. Kwa mtu anayeishi bondeni kama wewe, ningepanga marudio ya kila mwaka yaangukie Februari, ili masika yakianza Machi mbwa awe na kinga iliyo mbichi.

Lazima niwe mkweli kuhusu mipaka yake. Leptospira ina aina nyingi, na chanjo hukinga vizuri zile tu zilizotiwa ndani yake, mbili katika chanjo za zamani na nne katika mpya. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, wamezichunguza aina zinazopatikana nchini kwa miaka mingi, na mojawapo imepewa hata jina la Sokoine. Kwa hiyo chanjo iende pamoja na maji safi kwenye bakuli la mbwa, chakula chake kisilale nje usiku kuwaita panya, na wewe mwenyewe uvae viatu vya mpira unaposukuma maji ya mafuriko. Ukipata homa kali na maumivu ya misuli baada ya kukanyaga maji hayo, mwambie daktari wako kwamba uliyakanyaga, ili asiishie kupima malaria peke yake.

Swali: Mbwa wetu jike ana mimba, na hatukuwahi kumchanja. Tumchanje sasa? (Wanandoa, Mbezi)

Jibu: Chanjo za virusi hai, yaani za parvo na distempa, zisubiri hadi azae na kumaliza kunyonyesha, kwa sababu zinaweza kuwadhuru watoto tumboni. Ya kichaa ni ya virusi vilivyouawa, na kama eneo lenu lina hatari, daktari anaweza kuitoa. Mara nyingine mchanjeni kabla hajapandwa. Dang'a yake itakuwa na kingamwili za kutosha kwa watoto.

Swali: Daktari, mbwa wangu ana chanjo zote na kadi imejaa, lakini ameugua tena: homa, ufizi mweupe, na juzi ametokwa na damu puani. Daktari aliyemwona anasema ni kupe. Sasa chanjo zote zile zilikuwa za nini? (Msomaji wa Ukonga)

Jibu: Zilikuwa za kumkinga na magonjwa mengine, na inaelekea zimefanya kazi yake. Magonjwa ya kupe, hasa erlichia na babesia, hayamo katika chanjo tunazozitumia hapa, na katika joto la Dar es Salaam hayana msimu wa mapumziko. Kupe wa kahawia wa mbwa amezoea kuishi kwenye nyufa za ukuta na za banda, akitaga mayai humohumo, kwa hiyo kumpaka mbwa dawa bila kunyunyizia banda ni kazi nusu. Fuateni matibabu mliyopewa mpaka siku ya mwisho, kwa kuwa dawa ya erlichia hunywewa kwa majuma 4 hivi na wengi huiacha mbwa anapoanza kula. Kama mna paka nyumbani, someni lebo ya dawa ya kupe: yenye permethrini humdhuru paka vibaya.

Swali: Mheshimiwa Daktari, mtaani kwetu mbwa wanaozurura wameongezeka, na mwezi huu watu wawili wameumwa. Baadhi ya wajumbe wanataka mbwa wote wasio na kamba watiliwe sumu. Wengine wanasema kila mtu amchanje wa kwake. Kikao ni wiki ijayo. Tunaomba ushauri wa kitaalamu. (Mjumbe wa serikali ya mtaa, Kimara)

Jibu: Ndugu mjumbe, nakushukuru kwa kuuliza kabla ya kutenda. Sumu ni ya ukatili, inaweza kuokotwa na mtoto, na haiondoi kichaa. Mbwa wanapouawa, makombo na majalala hubaki palepale, wengine huja kutoka mitaa ya jirani, na watoto wa mbwa huzaliwa kujaza nafasi. Wageni hao hawana kinga, ilhali miongoni mwa waliouawa walikuwamo waliochanjwa. Mtaa hubaki na mbwa wengi kama mwanzo na kinga ndogo kuliko mwanzo.

Kinachoondoa kichaa ni kuchanja angalau mbwa 70 katika kila 100, na kurudia kila mwaka. Kiwango hicho kina sababu. Mbwa mmoja mwenye kichaa kwa wastani huambukiza wenzake wachache tu, mmoja au wawili, kwa hiyo ugonjwa huzimika hata wakati sehemu ndogo kuliko hiyo ina kinga. Lakini mbwa wetu huishi miaka michache na kuzaa mara kwa mara. Mtaa uliofikisha 70 mwezi Septemba huwa umeshuka sana kufikia Septemba inayofuata, na tunahitaji akiba ya kutufikisha huko. Pale Serengeti, ambako mbwa wa vijijini wamechanjwa kwa miaka mingi, ilidhihirika pia kwamba mbwa wasio na kinga huwaponza hata wanyama wengine: mwaka 1994 distempa, iliyohusishwa na mbwa wa kufugwa, iliua simba wapatao 1,000, kama theluthi moja ya simba wote wa eneo hilo.

Mbwa wengi mnaowaita wanaozurura wana mwenyewe anayewalisha jioni na kuwafungulia usiku. Kwa hiyo pitieni nyumba kwa nyumba kabla ya siku ya chanjo, mkiwauliza watoto pamoja na wazazi, kwani mara nyingi mtoto ndiye anayemjua mbwa na ndiye mbwa atakayekubali kushikwa naye akiwa na mkubwa pembeni. Siku iwe Jumamosi au Jumapili asubuhi, kabla ya jua kali, mahali penye kivuli na nafasi ya kuwatenganisha mbwa wasipigane. Wale wa kamba wafungwe kamba, na wasiokubali kamba waandikwe ili mtaalamu awafuate nyumbani mchana. Mbwa aliyechanjwa avishwe ukosi au apakwe rangi shingoni, ili mjue nani amebaki. Tarehe 28 Septemba, ambayo ni siku aliyofariki Pasteur mwaka 1895, huadhimishwa duniani kama Siku ya Kichaa cha Mbwa, na ni wakati mzuri wa kuomba huduma hiyo. Ila kwa kuwa watu wameshaumwa, msiingoje. Hao wawili waulizeni leo kama wamekamilisha dozi zao hospitali.

Kabla ya kikao, mwandikieni ofisa mifugo wa kata makadirio ya idadi ya mbwa kwa kila shina, ili aje na dozi zinazotosha. Mumwombe pia awachanje hata watoto wa mbwa ambao hawajafikisha miezi 3, kwa sababu siku hiyo ikipita huenda wasionekane tena mbele ya mtaalamu mpaka mwaka mwingine.